Futi Elfu Tisa

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, fundi wa vyombo vya rubani aliketi katika kiti cha kushoto cha ndege ya vifurushi, akawasha umeme, akaanza kupima kifaa cha kuchagulia masafa ya redio. Kifaa hicho kina vidirisha viwili vya tarakimu. Cha kushoto huonyesha masafa yanayotumika. Cha kulia, yanayosubiri. Katikati pana kitufe, na ukikibonyeza masafa hayo hubadilishana nafasi. Fundi alizungusha gurudumu dogo hadi tarakimu za kulia zikafika alikotaka, akabonyeza, akamsikia shemeji yake, aliyefariki miezi minne kabla, akiuita mnara wa kuongozea ndege.

"Mnara, niko futi elfu tisa, nazunguka. Nasubiri maelekezo."

"Tumekupata, Kapteni," alijibu mwongoza ndege, kwa sauti ya mtu mwenye kikombe cha chai mkononi. "Endelea kuzunguka."

Fundi aliandika katika daftari la ndege kwamba redio inasikika vizuri.

Kapteni, mume wa mdogo wake wa kike, alikuwa mtu wa pasi kali na viatu vya kung'aa. Aliwahi kuirudisha ndege kutoka mwisho wa njia ya kurukia kwa sababu saa yake ya mkononi ilichelewa dakika moja. Wenzake walimwita Bwana Mstari, na jina hilo lilimpendeza. Siku ya ajali alikuwa peke yake, amebeba barua na vipuri. Ndani ya wingu skrini zake kuu zilizimika zote, naye akageukia kioo cha akiba, kile kidogo cha ukubwa wa kiganja, chenye betri yake, kinachomwonyesha rubani mwinuko na mwendo pale vingine vinapomsusa. Kioo kilisema futi elfu tisa. Mlima uliokuwa mbele yake haukufika elfu sita. Alikuwa amefundishwa kuviamini vyombo kuliko tumbo lake, na kwa kuwa kioo hakikubadili kauli, naye hakubadili mwinuko. Hajaubadili hadi leo.

Ripoti ya kampuni ilikuwa na ukurasa mmoja na muhuri. Sababu ya ajali: uzembe wa rubani.

Mnara ulimzoea upesi. Alianza kuita siku ya pili baada ya mazishi, wakamwandika kwenye ubao wao, kisha wakazitaarifu ndege nyingine zisiutumie mwinuko ule.

"Shemeji," fundi alimwambia redioni asubuhi hiyo, "mafuta hayajakuishia tu?"

"Mshale haushuki. Mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Anauliza utatua lini."

"Lile neno wamelifuta?"

"Bado."

"Basi nazunguka. Siwezi kushuka mbele ya watu na neno lile kifuani, kama mwizi wa kuku."

Fundi alizima umeme. Alijua kilichokuwamo ndani ya kioo kile kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyekifunga. Sheria iliruhusu ndege iruke siku kumi na kioo cha akiba kibovu, mradi kibandikwe kibandiko cha njano na rubani asiingie mawinguni. Baada ya hapo ni kutengeneza au kutoruka. Kampuni ilikuwa na ndege tatu. Siku ya tisa kioo kibovu kilifunguliwa na kufungwa kwenye ndege ya pili, siku kumi zikaanza upya. Kisha ya tatu. Kisha kikarudi ya kwanza. Karakanani mchezo huo waliuita kumpeleka mgonjwa likizo, na walicheka. Tena, kibandiko kilibandikwa baada ya safari ya kwanza, ili siku moja ipatikane ya bure. Kapteni alirukia siku ile ya bure, bila kibandiko cha kumwonya.

Jioni fundi alipita kwa mdogo wake. Alimkuta anapiga pasi shati la kazi la marehemu, kwa kuwa mtu aliye angani huweza kutua wakati wowote.

"Kaka, kioo ulikifunga wewe," alisema bila kuinua macho. "Unaogopa nini kusema?"

"Nina kazi moja tu, mdogo wangu."

"Na mimi nilikuwa na mume mmoja tu. Geuza hiyo kola, nipige upande wa pili."

Fundi akaigeuza kola. Juma lililofuata alikwenda mbele ya kamati ya ajali ya kampuni.

Kamati ilikuwa na mwenyekiti, katibu na meneja wa karakana. Fundi aliwafungulia daftari, akawaonyesha sahihi zake kumi na moja za kumpeleka mgonjwa likizo. Kisha akaweka mezani kioo kilichookotwa mlimani. Kilikuwa kimepasuka, nyaya zimekatika, betri imeng'oka. Kilikuwa kikisoma futi elfu tisa.

"Kinawaka?" mwenyekiti aliuliza.

"Kinawaka."

"Bila umeme?"

"Bila umeme."

"Katibu, andika kwamba kifaa ni kizima."

Kapteni naye alisikilizwa kwa redio ya mkononi. Alieleza kwa dakika kumi na mbili, kila jambo na dakika yake, bila kumtukana mtu. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaomba faili.

"Hati ya afya ya shahidi ikoje?"

"Imekwisha muda, mzee," katibu alisema. "Mwezi wa pili huu."

"Ushahidi wa rubani aliye angani bila hati ya afya siwezi kuupokea. Atue kwanza."

"Akipimwa akiwa hukohuko?" fundi aliuliza.

"Daktari wetu hapandi," meneja alisema. "Na wewe, kwa sahihi kumi na moja, ungekaa kimya."

Neno likabaki. Fundi alinyang'anywa muhuri wake wa ukaguzi na kupewa kazi ya kuosha ndege. Kioo, kwa kuwa kamati ilikithibitisha kuwa kizima, kilifungwa siku ya Alhamisi kwenye ndege nyingine ya vifurushi.

"Kibandiko cha njano je?" aliuliza fundi, sifongo mkononi.

"Kwenye kifaa kizima?" meneja alisema. "Osha bawa, bwana."

Ijumaa, saa sita kasoro robo, ndege hiyo iliingia mawinguni na skrini zake kuu zikazimika. Rubani wake aliuarifu mnara kwamba yuko salama, kioo cha akiba kinasoma futi elfu tisa. Kapteni alidakia papo hapo.

"Mnara, elfu tisa nipo mimi, na hapa hapana mtu. Huyo yuko chini sana. Mwambieni apande."

Mwongoza ndege alikuwa mtu wa taratibu. Alifungua faili ya mtoa taarifa kabla ya kujibu, kama alivyotakiwa.

"Kapteni, hapa umeandikwa uzembe. Taarifa ya rubani mwenye kosa hilo haiwezi kupelekwa kwa rubani mwingine."

"Nimekuelewa. Narudia, mwambieni apande."

"Endelea kuzunguka, Kapteni."

Saa sita na dakika mbili kulikuwa na sauti mbili kwenye masafa yale. Ya pili ilitoa mwinuko wake, futi elfu tisa, ikaomba maelekezo.

"Karibu, ndugu," Kapteni alisema. "Kaa maili tano nyuma yangu."

Mwongoza ndege alichora mstari wa pili ubaoni. Jumatatu katibu wa kamati aliitoa ile ripoti ya ukurasa mmoja, akabadilisha jina la rubani na tarehe, akaituma kwa mke wa rubani huyo wa pili.