Wageni wa Nchi Kumi na Saba

"Haki ya Mungu, mwanangu, hii ni kweli tupu, haina chumvi," Fundi alisema kwenye simu. "Ukurasa wa mama yako unafunguka, na umeshapata wageni wa nchi kumi na saba. Ukinikuta na uongo, nitapanda hiyo ndege."

Tangu mazishi ya mkewe, miaka miwili sasa, bintiye muuguzi alikuwa akimsihi aende kumtembelea ng'ambo. Naye fundi redio huyo mstaafu alikuwa akimjibu kwamba magoti yake hayakuumbwa kwa ajili ya mawingu.

"Kwangu haufunguki, Baba. Nataka sauti ya mama, hizo nchi kaa nazo."

Seva yenyewe, mashine iliyohifadhi ukurasa huo, ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya cherehani ya marehemu, ikiendeshwa na mfumo wa Linux, ambayo Fundi alijifunza mwenyewe kwa kukosea. Ndani yake zilikuwemo rekodi za mkewe akihesabu mishono, akimkaripia paka, akicheka.

"Mtandao wenu mbovu. Hapa mezani unafunguka vizuri."

"Unajipigia hodi ukiwa ndani, Baba. Zima waifai ya simu, tumia bando, ujaribu kama mtu wa nje."

Akazima. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka, ukakata tamaa. Ruta alishaielekeza ipitishe wageni hadi kwenye seva, basi kilichobaki ni ukuta wa ulinzi ndani ya seva. Akaandika amri, *sudo ufw status*, kanuni za ukuta huo zikajipanga. Moja ilisema mlango wa 80, ambao wageni wa ukurasa huingilia, uruhusiwe kwa vifaa vya nyumbani tu. Aliiandika yeye, wiki ile ya msiba, alipoona wivu hata upepo usije ukamsikia mkewe. Akaisahau.

Kidole kikasita. Kisha akaifuta, akaandika nyingine ya kuwaruhusu wote.

"Jaribu sasa."

Halafu kicheko cha mkewe kikamjia kutoka kwenye simu, kutoka mbali kuliko alivyowahi kukisikia, na bintiye akavuta kamasi.

"Baba."

"Naam, mama."

"Chini hapa pameandikwa wageni wawili. Wa pili ni mimi, sasa hivi. Huyu wa kwanza amesikiliza mara mia tisa na kumi na mbili."

Fundi akatafuta nchi ya kuisingizia, akaikosa.

"Mtu wa subira, huyo," akasema.

"Ndege, Baba."

Akaburuta kiti hadi kabatini, akateremsha sanduku, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Baridi ya huko," akauliza, "ni ya koti moja au mawili?"