Meno ya Kisogoni

Yule mtafiti aliingia na fomu. Jamani, mtu anakwenda kusikiliza hadithi na fomu! Ilikuwa na visanduku vya kujaza: macho, pembe, mkia, kwato. Alijitambulisha kuwa bingwa wa mazimwi, anaandika kitabu cha viumbe wote wa ngano, kisha akajibwaga kwenye kiti bila hata kutazama kwamba amekalia gauni la mteja.

Fundi cherehani alilivuta lile gauni, akalitundika. Alimvumilia, maana alimhitaji mgeni huyo. Mama yake mzazi alikuwa anasahau. Juzi tu aliingia kuoga na viatu. Kichwani mwake ilibaki hadithi moja nzima, ya bibi harusi aliyeolewa na zimwi, nayo haitoki mpaka aone mgeni. Na Fundi, mtu mzima na mvi zake, mwisho wa hadithi hiyo hakuujua. Utotoni kila mara usingizi ulimchukua pale bibi harusi anaposhika chanuo. Ukubwa ukaja na mambo yake, asiulize. Sasa alitaka kuusikia kabla haujapotea.

Mama alianza vizuri, kwa sauti yake ileile ya zamani. Bwana mtanashati, posa, nyumba ya mbali, na onyo moja: mke asimguse kichwa. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mtafiti yeye alikuwa anatia vema kwenye visanduku, uso hauinui. Akauliza kama zimwi alikuwa na mkia. Mama akasema hana, akaendelea. Akauliza pembe. Mama akasema baba we, angekuwa na pembe nani angempa mke? Akaendelea. Fundi akamwomba mgeni, kwa adabu zote alizokuwa nazo, na hazikuwa nyingi, amwache mama amalize. Akajibiwa kwamba kazi ya kitaalamu ina utaratibu wake. Utaratibu! Kasoma miaka yote hiyo, kunyamaza tu kumemshinda.

"Siku hiyo mume kalala," mama akasema, "mke akashika chanuo. Akazigawa nywele polepole, mpaka kisogoni. Akauona mdomo. Akauinamia, akauambia..."

"Samahani, bibi. Huo mdomo wa kisogoni una meno mangapi?"

Mama akawaza. Maskini, aliwaza kweli, kwa heshima ya mgeni. Akahesabu kwa vidole, akafika sita, akavitazama vile vidole kama vya mtu mwingine. Kisha akauliza kama mgeni ameshapewa chai.

Mtafiti akaandika sita. Akafunika kalamu, akashukuru, akasema amepata yote. Fundi akamuuliza, na mwisho je?

"Mwisho si lazima, dada. Sisi tunataka maumbile yao tu."

Bingwa wa mazimwi huyo! Debe tupu haliachi kuvuma. Fundi alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, wala hakumwambia karibu tena. Alimdharau mpaka viatu vyake, na akajidharau mwenyewe kwa kumkaribisha.

Akarudi, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamshika mikono. Akamuuliza taratibu: yule bibi harusi, mama, aliuambia nini ule mdomo?

Mama alimtazama kwa upole wote wa duniani.

"Bibi harusi yupi, mwanangu?"