Mbuzi Aliyekula Ombi la Nashipae

Kila neno la habari hii ni kweli tupu. Hivyo ndivyo Muthama alivyoapa, tena aliapa kwa kofia yake ya reli, ameishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Na mtu aliyekuwa gadi wa treni mpaka akastaafu hawezi kuichezea kofia yake.

"Nikidanganya," aliwaambia wateja wa hoteli ya Jacinta pale Kitengela, asubuhi moja ya Novemba mwaka wa 2001, "kofia hii mnivue, na Diwani mumchinje mle."

Diwani alikuwa beberu wake. Alipewa jina hilo kwa sababu alikula chochote kilichopita mbele yake na hakuna aliyewahi kumwona ameshiba.

Watu waliweka vikombe chini. Muthama akakohoa kidogo.

"Waya nimeng'oa kwa hii mikono yangu. Leo alfajiri nyumbu wametoka mbugani wakapita kwangu, wamejipanga kama mabehewa. Yule wa mbele akasimama, akaniangalia. Nikampungia bendera ya kijani. Akapita! Wenzake nyuma yake. Na wa mwisho, haki ya Mungu, aligeuka akanishukuru kwa kichwa."

"Na simba je?" aliuliza Gichuru, fundi wa baiskeli.

"Simba alikuja bila tikiti. Huyo nilimrudisha."

Hoteli nzima ilicheka, na Muthama akaagiza mandazi mengine. Tatizo lilikuwa moja tu. Waya ilikuwa bado imesimama, imekazwa vizuri, na mtu angeweza kuipiga kama gitaa.

Shamba lenyewe alilinunua kwa pensheni, upande wa mto Mbagathi. Ng'ambo ya mto ni mbuga. Kuelekea mjini mbuga imezungushiwa ua, lakini upande huu wa mto imeachwa wazi, na tangu zamani mvua ikinyesha nyumbu na punda milia huvuka kuja kuzalia kwenye nyanda za Kitengela, mahali nyasi ni fupi na simba anaonekana akiwa bado mbali. Kiangazi kikija wanarudi mbugani kutafuta maji. Lakini miaka ile ya tisini watu walikata ardhi vipande vipande wakauza. Huyu akajenga ukuta, yule akafunga waya, mpaka njia ya wanyama ikabaki kama koo, katikati ya shamba la maua na timbo la mawe. Muthama akaja akasimamisha nguzo zake katikati ya koo hilo. Hakuwa na ubaya. Mkewe Mbeke alikuwa amepanda mahindi na kunde, na punda milia akiona mahindi hazunguki.

Basi kulikuwa na mama mmoja aitwaye Nashipae, umri umepita sitini. Alizaliwa ng'ambo ya mto, kabla mahali pale hapajaitwa mbuga. Akiwa msichana mdogo wa kuchunga ndama waliambiwa wahame, na akavuka na mamake na ng'ombe wao. Wengine walivuka wakilaani. Nashipae alivuka akigeuka nyuma, na maisha yake yote hakuacha kugeuka. Kila asubuhi alisimama ukingoni akawasalimu twiga kama majirani. "Walitutoa, ndiyo," alizoea kusema, "lakini hawakujenga. Bado naona kwetu. Ni wangapi wanaweza kuona kwao jinsi Mungu alivyopaacha?"

Mashamba yalipoanza kuuzwa, Nashipae alianza kutembea. Boma kwa boma, baraza kwa baraza, amening'iniza begani spika ya kanisa, akiomba watu waache njia wazi. Aliwahi kukaa na akina mama wenzake kwenye veranda ya ofisi moja kubwa Nairobi, wakaimba mpaka mkubwa akatoka nje na kalamu mkononi kuuliza wanataka nini. Na siku mwanasiasa mmoja alipomwambia barazani kwamba wanyama hawapigi kura, Nashipae alijibu kwa spika, "Ndiyo, na hawajawahi kutuahidi maji."

Mmoja mmoja, majirani walikubali. Meitamei aliacha ukuta wake nusu. Wenye timbo walisogeza lori zao. Akabaki Muthama.

Mvua za Novemba zilipoanza, Nashipae alienda kwake. Spika aliiacha nyumbani. Alisimama langoni na konzi ya nyasi mbichi, ameishika mbele yake.

Kwa Wamaasai, hivyo ndivyo mtu anavyoomba jambo zito. Aliyeshika nyasi amekuja kwa amani, na ukizipokea kutoka mkononi mwake umeshakubali. Hata moran, kijana wa vita, akiwa na hasira huteremsha mkuki. Mtoto wa Kajiado anajua hayo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini Muthama alikuwa Mkamba wa Mwala aliyemaliza ujana kwenye reli. Alichoona ni nyasi.

"Baba, nafungua mkono kwako," Nashipae alisema. "Fungua hiyo njia. Mvua imekuja na hao mama wako na mimba."

"Nitafikiria, mama," Muthama alijibu, jibu ambalo huku kwetu maana yake ni hapana. Kisha, ili asionekane hana adabu, akanyoosha mikono. "Lakini kwani umejisumbua kuniletea nyasi? Si ungekuja tu hivyo!"

Akazichukua, akampa Diwani. Diwani hakuuliza ni za nini.

Nashipae alifunika mdomo kwa kiganja. Machozi yakamlenga. "Ashe oleng," alisema. Asante sana. "Ashe oleng, baba." Akaondoka karibu mbio.

"Watu wa huku wana heshima," Muthama alimwambia Mbeke. "Anakuletea chakula cha mbuzi, halafu yeye ndiye anashukuru."

Kesho yake wazee walifika na kibuyu cha maziwa. Mmoja wao, Lemein, alimtemea mate ya baraka kifuani na kusema kwamba ameokoa ukoo mzima wa nyumbu kwa kupokea zile nyasi. Akina mama waliimba uani. Hapo ndipo Muthama alipoelewa alichofanya, na hapo ndipo mtu mwingine angesema, samahani wazee, sikujua. Lakini sifa zilikuwa tamu, na maziwa pia.

"Hawa wanyama nimewapenda tangu dirisha la treni," alisema. Na hilo, ajabu, halikuwa uongo. Miaka ile yote, treni ikipita nyanda za Athi asubuhi, aliwaona nyumbu wakikimbia sambamba na mabehewa na moyo wake ukakimbia nao. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli na mambo ya kweli hakuwa na mazoea ya kuyasimulia.

"Na hiyo waya utatoa lini, Baba Kasyoki?" Mbeke aliuliza wageni walipoondoka.

"Kesho."

Kesho ikaja na mgongo ukauma. Keshokutwa akakumbuka bei ya nguzo. Siku iliyofuata akaona ni rahisi zaidi kwenda kwa Jacinta akaing'oe huko, kwa mdomo.

Sasa turudi hotelini. Nyuma ya mlango, kwenye meza ya kona, kulikuwa na mtu aliyekuja kununua betri akapitia chai. Muthama alikuwa amempa mgongo. Alisikia tu kitu kikilia *ka!*, halafu sauti ikajaa hoteli yote.

"BABA KASYOKI."

Mandazi yakamkwama.

"ASANTE KWA KUWAFUNGULIA," ilisema spika. "SASA NIONYESHE KINYESI."

"Kinyesi, mama?"

Nashipae aliteremsha spika akaja mbele. "Kundi lote limepita kwako. Hakuna hata mmoja aliyeacha kitu? Hao ni nyumbu ama ni malaika?"

Muthama alitazama juu, alitazama chini. "Diwani ali..."

"Diwani anakula mavi siku hizi?" alidakia Gichuru, na Jacinta akalazimika kushikilia birika kwa kucheka.

Lakini Nashipae hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu na Muthama na kusema polepole, kama mtu anayeongea na mwanawe. "Nimetoka mtoni sasa hivi. Wamefika ng'ambo, wamesimama kwa matope, wanaangalia waya yako. Mmoja ameshazaa hapo hapo. Fisi wamelala pembeni, hawana haraka. Mimi nilikushukuru, baba. Siwezi kurudisha. Shukrani nimeshatoa, ni yako."

Hilo lilimwingia kuliko spika. Angemtukana, angejua la kujibu. Maneno alikuwa nayo debe zima. Lakini shukrani ya mtu uliyemdanganya, unaiweka wapi?

"Mama," alisema, na safari hii hakukohoa kwanza. "Zile nyasi. Nilidhani ni za mbuzi."

Nashipae alimtazama. Bega moja likatikisika, kisha la pili, kisha mama mzima akacheka mpaka shanga zikalia. "Ooi! Kwa hivyo aliyekubali ni mbuzi!"

"Basi mbuzi ndiye mwenye shamba," alisema Jacinta. "Twendeni, Muthama. Uliapa mbele yetu."

Wakaenda wote, Gichuru na koleo zake mbele. Walipofika walimkuta Mbeke ameshavaa gambuti, panga mkononi. Alikuwa ameng'oa nguzo za upande wa mtoni na kuzisimamisha upya, akazungushia mahindi yake tu.

"Nilichoka kungoja kesho," alisema.

Muthama alivua koti, akakata waya mwenyewe. Mgongo, ambao ulikuwa umeuma wiki nzima, haukusema kitu. Nguzo ya mwisho ilipolala, Diwani alikuwa ameshachinjwa kwa kile kiapo, amening'inia kwenye mti, na watu wakarudi nyuma ya nyumba, wakaketi kimya karibu na moto.

Jua lilipoelekea vilima vya Ngong, nyumbu walikuja. Hawakujipanga kama mabehewa. Walisimama mahali waya ilipokuwa, wakanusa mashimo ya nguzo, wakaguna, halafu mmoja akaruka kitu ambacho hakikuwapo tena na wote wakamwagika nyuma yake. Katikati yao alikimbia mtoto, miguu kama nyuzi, matope mpaka masikioni, ameng'ang'ania ubavu wa mamake. Nashipae alimwona. Alichuma nyasi akazinyanyua kuelekea mbugani, na safari hii hakuwa akiomba.

"Ashe oleng," Muthama alijikuta akinong'ona. Hakujua anamwambia nani. Huenda ni nyumbu, au yule mama, au marehemu Diwani.

"Nimeangalia vizuri," Gichuru alisema, mdomo umejaa ini. "Hakuna hata mmoja aliyekushukuru kwa kichwa."

Watu wakageuka kumtazama Muthama. Alipapasa kofia yake ya reli, akaivua, akaipangusa kwa kiwiko, akamvika Nashipae kwa mikono miwili. Ilimkaa vizuri kuliko ilivyowahi kumkaa yeye.

"Na bendera," alisema Nashipae.

"Bendera sikuiapia, mama!"

"Punda milia wanakuja kesho."

Muthama akasimama, kichwa wazi, akaingia ndani kuitafuta.