Tope Lililokwisha Kuonja

Chupa zilikuwa hazijamaliza hata siku mbili kwenye kabati la giza, na mstari ulikuwa umeshaanza kupanda.

Insa Harders aliutazama kwenye kompyuta akiwa bado na koti lake. Lilikuwa jaribio la kwanza kuachiwa peke yake katika maabara ile ya kando ya mto Main, na likienda vizuri, Daktari Oltmanns, mkuu wa maabara, angemtoa kwenye ajira ya muda ampe ya kudumu. Kazi yenyewe ni ya kungoja. Unachota tope kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, maana limejaa bakteria wanaokula uchafu, unalitia kidogo kwenye chupa za maji. Moja unaiacha na tope tupu. Nyingine unaitia chumvi ya maabara, si ya mezani, ambayo bakteria wote wanaipenda, ujue kwamba wako hai. Ya tatu unaitia kemikali ya mteja. Safari hii ilikuwa ya kulainishia vitambaa. Unafunga, na mashine inapima hewa wanayovuta na kuichora kwa mstari. Wakila, wanavuta. Wasipokula, kemikali itabaki mtoni miaka na miaka.

"Wanafakamia kama wako harusini, binti," alisema Gerold, fundi wa mashine. "Mteja akiona hivi ataleta keki."

"Wewe kila kitu keki."

"Mke wangu ananifungia karoti. Ulitaka niwaze nini?"

Insa alicheka, ila jambo moja lilimkaa rohoni. Bakteria wakipewa kitu kigeni hukinunia kwanza, siku kadhaa, ndipo wanakigusa. Hawa hawakununa. Akazikagua chupa nyingine, zote zilikuwa sawa, akaacha.

Wiki haijaisha vizuri, mstari ukavuka alama ya kufaulu. Mteja akapiga simu mwenyewe kushukuru.

Jioni ile Insa aliponda bitiruti na viazi, akavaa aproni tayari kwa vita. Jonte, mwanawe, alikuwa hajatimiza miaka miwili, na chakula asichokijua alikitema mara nyingi kabla ya kukikubali. Mtoto akafungua kinywa, akala, akasukuma bakuli aongezwe.

Asubuhi Insa alimsimulia mwalimu wa chekechea kama mtu anayetangaza muujiza.

"Mama Jonte, kwani hukujua?" mwalimu alisema. "Hapa tunawapikia bitiruti tangu wiki iliyopita. Siku ya kwanza mwanao alinitemea, tazama." Akamwonyesha doa kwenye mkono wa sweta. "Hajabadilika huyu. Kashazoea tu."

Insa alitoka akicheka. Kicheko kilimkatikia getini.

Mtambo wa kijijini, walikochota tope siku zote, ulikuwa kwenye matengenezo. Safari hii yeye na Gerold walikuwa wamekwenda kwenye mtambo wa mji wa jirani. Alipofika kazini alimpigia simu msimamizi wa huko, akamuuliza ni viwanda gani vinamwaga maji yake kwao.

"Kuna hiki cha vitambaa," alijibu msimamizi. "Tangu majira ya baridi wanajaribu dawa mpya ya kulainishia. Mwanzoni tulikuwa na povu la magotini. Sasa hulioni. Vijidudu vyangu havichagui chakula, dada."

Insa alimuuliza jina la dawa. Ilikuwa ile ile.

Alikata simu. Hakuna ambaye angeuliza. Lakini mto ulipita miji mingi ambayo bakteria wake hawajawahi kuionja dawa ile, na swali la jaribio lilikuwa juu ya hao. Akaenda kubisha mlango wa Daktari Oltmanns, akamweleza yote.

"Nani alichagua mtambo?"

"Mimi."

"Na mteja keshafurahi."

"Keshafurahi, Daktari."

Daktari Oltmanns alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwaga. Anza upya. Mteja niachie mimi." Habari ya ajira hakuigusa, na Insa hakuuliza.

Mtambo wa kijijini ulipofunguliwa walikwenda wakachota tope la huko, kusiko na kiwanda chochote. Mstari ukalala chini, siku baada ya siku.

"Hawa wamekuja wameshiba," alisema Gerold.

"Wamenuna. Ndivyo inavyotakiwa."

Hatimaye ukainuka, polepole, ukapanda hadi karibu na nusu, ukakomea hapo. Alama ya kufaulu haikufikiwa. Keki haikuja. Ilikuja barua fupi ya mteja kwamba kemikali inarudi kwa wataalamu wake, waitengeneze iweze kulika.

Jumatatu iliyofuata Daktari Oltmanns aliweka mezani kwa Insa kichupa cha mteja mwingine.

"Tope chagua mwenyewe," alisema. "Na kabla ya mchana upite ofisi ya ajira. Wanangoja sahihi yako."

Gerold alikuwa ameshachukua funguo za gari. Insa akamwashiria asubiri, akanyanyua simu.

"Habari za asubuhi," alisema. "Naomba kujua, tope lenu linakula nini siku hizi?"