Kimanga Alichoongezewa Desa

Tangu mwimbaji Desa atangaze kwenye video kwamba urembo ni kiuno chembamba, Lynn alikuwa akiishi kwa maji. Nyanya yake, Mshai, alimpondea kimanga cha muhogo na maharagwe, lakini sahani ilirudi vilevile.

"Kula mjukuu wangu, utaanguka shuleni."

"Nyanya, hiyo chakula ni ya washamba."

Jumamosi Desa alikuja Voi kuimba. Lynn alimtazama kwenye simu akipakuliwa kimanga na akina mama wa soko.

"Tamu! Niongezeeni!" alisema Desa, mashavu yamevimba.

Lynn akaweka simu chini. "Nyanya, kimebaki?"

"Mimi nabembeleza hukubali, Desa anatafuna tu, unakubali!" Mshai alicheka, akampakulia. Lynn alipofikia kuramba mwiko, moyo wa Mshai ukatua.