Bei Iliyoogopa

Wakurugenzi wawili walipeana mikono mbele ya kamera Jumatatu asubuhi, kwenye ukumbi wa chini, kati ya maua ya plastiki na skrini inayoonyesha bei ya hisa. Walikuwa wametoka kutangaza kwamba kampuni zao za programu za simu zinaungana. Bei ikapanda. Wapiga picha walipomaliza, mikono ya wakurugenzi ikakataa kuachana, na bei ikasimama papo hapo.

Wakaletewa maji na sabuni, kisha mafuta ya kupikia kutoka kantini. Mwanasheria akapitia mkataba, akasema hakuna kifungu kinachozuia jambo hilo. Wakaenda kula, mmoja akimkatia mwenzake nyama.

Bi Sauti aliyaona hayo yote kutoka mlango wa huduma kwa wateja. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu yeye ndiye aliyerekodiwa akisema, "Karibu. Tafadhali subiri, tutakuhudumia." Watu waliijua sauti yake kuliko uso wake. Hakuitazama mikono sana. Alitazama skrini. Tarakimu zilikuwa zinatetemeka bila kubadilika, kama mtu aliyesikia kitu darini akazuia pumzi.

Jumatano mtunza stoo wa hapo alitumwa kwenye kampuni ya pili akamsalimie kwa mkono mtunza stoo wa huko. Alirudi akichechemea kama kawaida yake, lakini ana masharubu ya yule mwingine, na simu mbili mfukoni, kila moja ikipigwa na mke tofauti. Ofisi ya utumishi ikampa kitambulisho kimoja na kiti kimoja. Wahasibu wakafuata, kisha madereva. Kila jioni tangazo lilibandikwa ukutani: katika muungano huu hakuna mfanyakazi aliyefukuzwa wala atakayefukuzwa. Na kweli, hakufukuzwa mtu.

Bi Sauti akaanza kuvaa glavu.

"Umeungua?" aliuliza mumewe, fundi wa friji, walipokuwa mezani.

"Sijaungua."

"Sasa?"

"Huko kwao pia kuna mwenye sauti. Mwanamke kama mimi."

Mumewe akaweka kijiko chini. "Wakikuchanganya naye, atakayerudi hapa nyumbani ni nani?"

Bi Sauti akainama kuchungulia. Binti yao mdogo alikuwa chini ya meza akimvuta mama yake soksi na kucheka peke yake.

Kesho yake simu ya ofisini ikaita. Aliyepiga alinong'ona, lakini Bi Sauti alimtambua mara moja. Sauti ile alikuwa ameisikia kwenye matangazo ya kampuni ya pili.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Mimi ndiye mwenzako."

"Najua."

"Naogopa, dada. Hata chakula hakipiti."

"Mimi pia. Una watoto?"

"Wawili."

"Basi tusionane. Wakikutuma huku, sema unaumwa. Wakinituma huko, nitatafuta la kusema."

"Asante, dada. Mungu akulinde."

Mpango huo ulishika mpaka alipokuja dalali wa hisa, mzee mwembamba mwenye kikohozi. Alisimama mbele ya skrini hadi chai yake ikapoa. Kisha akawageukia wakurugenzi, ambao siku hizo walivaa koti moja lenye mikono mitatu.

"Bei haijagoma," akasema. "Imeogopa. Wenye pesa hawajali nani anapotea. Wanachoogopa ni kununua kitu kilichoungana nusunusu. Mteja akipiga simu, bado anasikia watu wawili."

Saa hiyo hiyo gari likatumwa.

Waliwekwa kwenye chumba cha kurekodi, huyu mwisho huu wa meza, yule mwisho ule. Mwenzake alikuwa mfupi, ana kovu kidevuni, na viganja vyake amevikalia. Bi Sauti naye alivikalia vyake, vikiwa ndani ya glavu. Walitazamana kama wagonjwa wawili wanaongoja kuitwa.

"Hakuna haja ya kushikana," alisema mkurugenzi mmoja kwa upole. "Someni tu, kwa pamoja."

Wakasoma salamu ya simu. Fundi wa mitambo akarudisha nyuma, akafungulia. Ikatoka sauti moja, nzuri, isiyo ya huyu wala ya yule. Wanawake wale walikagua vidole vyao, wakavikuta vyote, wakatoka kila mmoja kwa miguu yake. Nje Bi Sauti aliegemea ukuta akashukuru.

Jioni yake alikuwa anakatakata vitunguu jikoni. Akageuka na kumwona binti yake amesimama kwenye ncha za vidole, mkono umeshafika kwenye mpini wa sufuria ya maji yanayochemka. Akafungua mdomo amwite. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, shingo ikamvimba, kimya. Akaruka, akamsukuma mtoto, maji yakamwagikia mguuni mwake mwenyewe. Hata hapo alilia bila mlio, mpaka ghafla sauti ikamrudia katikati ya kilio, na mtoto akaanza kulia naye.

Simu ikaita.

"Dada, ulikuwa unaongea sasa hivi?" mwenzake aliuliza, akanyamaza ili Bi Sauti naye aweze kujibu.

"Nilikuwa namwita mtoto. Sauti ikakataa."

"Mimi nilikuwa nawaita wangu wakaoge. Imebaki moja, dada."

Walikwenda utumishi kulalamika kwa zamu, mmoja akisema, mwingine akitikisa kichwa. Afisa aliwasikiliza, akawapa maji, akawaonyesha kwamba sauti moja ni nafasi moja, nao ni wawili, kwa hiyo waishukuru kampuni kwa kutomfukuza yeyote. Bei haikusogea. Dalali alirudi, akaitazama inavyotetemeka, akashauri itafutwe kampuni ya tatu.

Wakagawana siku. Asubuhi sauti ilikuwa kwa Bi Sauti, jioni kwa mwenzake. Mumewe akajifunza kuuliza maswali ya kujibiwa kwa kichwa, na binti yao akajifunza kugeuka akisikia makofi.

Alhamisi moja asubuhi ujumbe wa mwenzake ukaingia kwenye simu: *Mtoto kabanwa kifua. Naomba sauti.* Bi Sauti alikuwa anatoka stoo. Upepo ukaupiga mlango, ukambana vidole. Akauziba mdomo kwa mkono mwingine, machozi yakimtiririka, asitoe hata mguno, kwa kuogopa kwamba huko ng'ambo ya mji mwenzake yuko katikati ya kumwelekeza daktari nyumba ilipo.