Miguu Myeupe ya Strathorn

Dougal Pirie alizikwa mwezi wa Julai, theluji ikidondoka, na kabla udongo wa kaburi haujashuka vizuri majirani walianza kumjia mjane wake kumwomba farasi dume wa marehemu. Msiwadhanie watu wasio na haya. Katika bonde la Mataura, kusini kabisa mwa Nyuzilandi, ambako Julai ni baridi kali, hiyo ndiyo ilikuwa rambirambi. Mfugaji wa dume akifa, msimu unaofuata kila aliyewahi kumpandishia jike humpandishia tena, hata kama hana haja na mtoto wa farasi mwaka huo. Waskoti wale waliohamia huko walikuwa mabingwa wa kunyamaza. Machozi yalikuwa yakiwalenga, lakini neno la pole liliwakwama kooni, basi walileta majike.

Dume mwenyewe aliitwa Strathorn. Alikuwa wa hudhurungi, ana baka jeupe usoni, na miguu yote minne ilikuwa myeupe kuanzia magotini, na singa ndefu laini zilizofunika kwato zake kama sketi ya bibi harusi. Kwa singa zile na weupe ule alikuwa amewapiga chini madume wote wa jimbo la Southland kwenye maonyesho kwa miaka mitano mfululizo. Dougal hakujaliwa mtoto. Badala ya mtoto alikuwa na nasaba, na kila Jumapili, sala ya chakula ikishaisha na nyama ya kondoo ikianza kupoa, aliisoma kwa kichwa: Strathorn wa Kelso, Kelso wa Drumlie, Drumlie wa Jessie. Jessie ni yule jike ambaye baba yake alivuka naye bahari kutoka Lanark, akilala ubavuni pake melini wiki baada ya wiki. Drumlie alipandishwa kwa dada yake wa mama mmoja ili weupe wa miguu usipotee. Bonde zima lilishangilia. Kila mtu alitaka damu ya Jessie zizini mwake, na ikiwezekana mara mbili.

Siku ya mwisho Dougal alimshika mkewe mkono, mdogo wake Wattie amesimama miguuni pa kitanda. "Mtembeze Strathorn msimu huu, Grizel," alisema. "Mmoja tu." Grizel aliitikia. Nani angekataa? Wattie ndiye aliyekuwa akimtembeza Strathorn kila majira ya kuchipua, shamba hadi shamba, akilala kwa watu na kunywa wiski ya watu, na yeye naye aliitikia huku analia.

Mwanzoni mwa Agosti alikuja Eben Tulloch. Huyu alikuwa mkulima mdogo aliyekaa mwisho wa bonde, rafiki wa Dougal tangu utotoni. Alikaa jikoni, kofia mapajani, akala skonzi nne.

"Bi Grizel," alisema mwishowe, "jike langu nitamleta mwaka huu pia."

"Asante, Bwana Eben. Wattie atampitisha dume kwako kama kawaida."

"Wattie!" Eben alicheka kidogo. "Mwaka jana Strathorn alifika kwangu peke yake. Wattie akafuata kesho yake, kofia kaivaa nyuma mbele."

Grizel alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Akamwongezea chai. "Na yule binti wa Strathorn, yule mliyempata mwaka vijana waliporudi kutoka vita vya Makaburu? Sasa si anavuta plau?"

Eben aliinamia kikombe. "Yupo malishoni."

"Malishoni? Saa hizi za kulima?"

"Anapumzika tu, Bi Grizel. Bado mdogo."

Hakuwa mdogo. Alikuwa na umri wa kuvuta mpaka ardhi ilie. Na Eben alikuwa na farasi watatu tu. Mkulima wa farasi watatu hampumzishi mmoja Agosti, labda awe hawezi kusimama. Grizel alimtazama mzee yule mwenye viatu vilivyojaa matope, maana yake alikuwa analima na farasi wawili badala ya watatu, akisukuma mwenyewe, na bado amekuja kuomba mtoto mwingine kwa dume yuleyule aliyemzalia kiwete. Kwa heshima ya marehemu. Roho ilimuuma.

"Anachechemea?" aliuliza.

"Mama wee, nani kasema anachechemea?" Eben alisimama, akavaa kofia. "Jike nitamleta. Dougal alikuwa mtu wangu." Akatoka bila kumaliza chai.

Grizel alikwenda bandani. Kila Jumamosi kwa miaka minane yeye ndiye aliyeziosha singa zile kwa sabuni, akazikausha kwa vumbi la mbao, akazichana mpaka zikang'aa. Miguu ile aliijua kuliko alivyojua mikono ya dada zake. Lakini juu ya ukwato, pembeni, pale penye gegedu, hakuwahi kupabonyeza. Dougal alimkataza. "Wewe chana tu," alikuwa akisema. "Hapo usimguse, ana mtekenyo." Mtu aliyesema hivyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti mbele ya farasi wa wenzake kwenye maonyesho, kidole gumba ndani ya singa, akibonyeza, akitikisa kichwa, akisema huyu gegedu limegeuka mfupa, watoto wake watakuwa viwete.

Alipiga magoti kwenye nyasi kavu, akazipasua singa za mguu wa mbele, akabonyeza. Gegedu la farasi mzima hunesa kama sikio la mtu. Hili halikunesa. Akabonyeza upande wa pili. Jiwe tupu. Mguu mwingine, vilevile. Strathorn alisimama ametulia, akatafuna nyasi, wala hakutekenyeka hata kidogo.

Basi Dougal alijua. Grizel alikaa palepale chini akaegemea mguu wa farasi. Alikumbuka Jessie alivyokakamaa miguu uzeeni, na wote wakisema ni baridi. Alikumbuka kuwa jike la Eben nalo ni la damu ya Jessie, kwa hiyo mtoto alirithi kotekote. Na majike wote wale walioahidiwa jikoni kwake, kwa upole, mmoja baada ya mwingine! Upole wa majirani ungelijaza bonde viwete, wasijue mpaka watoto watakapofungwa plau huku mashamba yakisubiri. Na Dougal aliomba msimu mmoja zaidi, aendelee kusifiwa mwaka mmoja zaidi akiwa kaburini. Alimpenda mtu yule, na saa ile alitamani kumfukua amtie kofi.

Wattie alipoambiwa, na kwamba huenda itabidi dume ahasiwe, aliibonyeza miguu mwenyewe, akazirudisha singa mahali pake.

"Tumuuze Australia," alisema. "Huko hawamjui."

"Huko hakuna akina Eben?"

"Shemeji, uliahidi. Nilikuwepo. Ulimshika mkono ukaahidi!"

"Niliahidi."

"Ukimhasi huyu, damu ya Jessie imekwisha. Kazi ya baba, kazi ya kaka. Watu watauliza kwa nini. Utawaambia nini? Kwamba Dougal Pirie alikuwa mwongo?" Sauti ilimkatika. "Utamzika mara ya pili, na safari hii hakuna atakayekuja mazishini."

Grizel alirudi ndani. Ahadi ya mgonjwa si kitu cha kuchezea, na jina la mume ndilo pekee aliloachiwa, maana mtoto hakuwepo. Siku kadhaa alizunguka nyumba kama kuku aliyepotelewa na kiota, akipika uji wa shayiri na kuusahau motoni. Lakini kila alipochungulia dirishani aliona moshi wa nyumba ya Eben mwisho wa bonde, akajua mzee yuko nyuma ya plau anasukuma. Wiki ile ile alimwita mhasi kutoka ng'ambo ya mto, mtu asiyefahamiana na watu wa kwao. Alimshikilia Strathorn kichwa mwenyewe, akamwimbia zaburi sikioni, na kazi ilipokwisha akamfunika blanketi. Wattie aliondoka akaenda kulala kilabuni.

Gwaride la madume lilifanyika mwisho wa Septemba, mjini Gore, kama kila mwaka kabla ya msimu. Madume waliingia uwanjani shingo zimepinda, mikia imefungwa ribini nyekundu na bluu, singa zimemwagika. Kila dume alisimamishwa mbele ya watu, na mwenye dume alitakiwa kuitaja nasaba yake kwa sauti. Grizel aliingia wa mwisho. Watu walimjua Strathorn kwa baka la uso tu. Hakuwa na ribini. Alivaa kola ya plau na minyororo, na singa zote za miguuni zilikuwa zimenyolewa. Kwato zilionekana wazi, na uvimbe mgumu juu yake ulionekana hata na aliyekaa mbali.

Watu walisogea uzioni kuona vizuri. Msimamizi, mzee mwenye ndevu aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu enzi za Kelso, aliuliza kwa mazoea tu, "Wa nani huyu?"

"Strathorn wa Kelso," Grizel alisema. "Kelso wa Drumlie, Drumlie wa Jessie wa Lanark." Alipandisha sauti. "Naye ndiye wa mwisho. Amehasiwa. Gegedu zake zimekuwa mfupa, na mwenye mtoto wake au mjukuu wa Jessie nyumbani akambonyeze leo, asimpandishe tena. Kwenye udongo laini huyu bado atavuta. Anakwenda kwa Eben Tulloch, badala ya yule aliyeko malishoni."

"Kwani Dougal hakujua?" sauti moja iliuliza kutoka kwa watu.

Wattie alikuwa amesimama kwenye uzio, macho mekundu. Grizel alimwona. Alijua kwamba neno moja la shemeji yake lingetosha kumkanusha.

"Alijua," alisema. "Aligundua akiwa kitandani. Aliniambia nimhasi na niwaambie ninyi nyote. Ndiyo ilikuwa kauli yake ya mwisho."

Mzee wa ndevu alivua kofia kwanza. Kisha wakavua wote, safu kwa safu, vichwa vya mvi na vya upara, upepo baridi ukiwapiga. Mtu fulani alisema kwa sauti ya chini kwamba hapajawahi kutokea mwanamume mwenye moyo ule bondeni. Wattie alifungua mdomo. Alimtazama Grizel, akamtazama farasi, akaufunga, akavua kofia yake naye.

Eben alikuja kupokea hatamu. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Nilijua," alisema. "Nilijua Dougal hawezi kutufanyia hivyo. Nilimwambia mke wangu, yule mtu ni mnyoofu kuliko sisi wote."

"Ndiyo," Grizel alisema.

"Una bahati, Bi Grizel, kuishi na mtu kama yule."

"Ndiyo, Bwana Eben."

Farasi aliondolewa uwanjani. Langoni alisikia madume wenzake wakilia, akapinda shingo na kuinua miguu yake iliyonyolewa juu sana, kama Dougal alivyomfundisha. Grizel alirudi nyumbani na Wattie kwenye gari la kukokotwa. Jumamosi ile alijikuta bandani na ndoo ya maji ya moto na sabuni, mbele ya kizimba kitupu cha Strathorn, akamwita mumewe mwongo kwa sauti, tena na tena, mpaka maji yakapoa.